Magonjwa ya kurithi na tiba ya jeni: dawa inafikaje kwenye seli, na wapi mambo huharibika

#1 Kinasaba

Wadau, kila tiba ya jeni inapotajwa, swali la kwanza huwa: "Kwa hiyo wamembadilisha DNA yote?" Hapana. Haiwezekani, na wala haihitajiki. Swali la kuuliza ni hili: dawa imefika kwenye seli zipi, na seli hizo hudumu muda gani? Ukilishika hilo utaelewa kwa nini ugonjwa mmoja una tiba na mwingine bado, kwa nini mgonjwa wa selimundu hupewa kwanza dawa ya kuua uboho wake mwenyewe, na kwa nini aliyetibiwa akapata nafuu kubwa bado anaweza kumrithisha mwanawe jeni ileile.

Msingi kwanza. Karibu kila seli yenye kiini ina kromosomu 46: 23 za mama, 23 za baba. Humo kuna maandishi ya herufi nne, A, T, G na C. Seti moja ina herufi takribani bilioni 3, na jeni zinazotoa protini ni kama 20,000. Herufi husomwa tatu tatu, kila tatu zikiagiza asidi amino moja iungwe kwenye protini.

Sasa tazama selimundu kwa karibu. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni iitwayo HBB, inayotengeneza kipande cha beta cha himoglobini. Mahali pa asidi amino ya 6, GAG imekuwa GTG. Herufi moja tu. Kwa herufi hiyo asidi ya glutamiki, inayopenda maji, imetoka, na valini, isiyopenda maji, imekaa mahali pake. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, na ya jirani kwa inayofuata, mpaka zinajipanga nyuzi ndefu ngumu zinazoikunja seli ikawa kama mundu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Hii huishi 10 hadi 20. Ndiyo maana damu hupungua. Maumivu nayo yanatokana na mishipa midogo inapozibwa.

Ili mtu augue, nakala zote mbili lazima ziwe na hitilafu, ya mama na ya baba. Mwenye nakala moja ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuugua, 50 kuwa mbebaji, 25 kutokuwa nayo kabisa. Nasema *kila mimba*. Haimaanishi kwamba wakipata wanne, mmoja ndiye atakayeugua na watatu wamesalimika. Kete hurushwa upya kila mara, na waliotangulia hawawapunguzii wala kuwaongezea wanaofuata.

---

#2 Hadubini

Nyongeza ya upande wa maabara, mkuu, maana hapa ndipo familia nyingi hupotezwa.

Kile kipimo cha haraka, cha kuchanganya damu na kemikali na kutazama kama maji yanaingia ukungu, hujibu swali moja tu: himoglobini S ipo au haipo. Hakimtofautishi mbebaji (AS, yaani A ya kawaida na S moja) na mgonjwa (SS). Mtu aliyeambiwa "unayo" kwa kipimo hicho peke yake hajapewa jibu la kufanyia uamuzi wowote wa ndoa au uzazi. Tena hakioni kabisa himoglobini C, aina nyingine yenye hitilafu. Mmoja akiwa AS na mwenzake AC, yule wa AC ataambiwa yuko salama, kumbe kila mimba ina asilimia 25 ya mtoto wa SC, ambaye ni mgonjwa wa selimundu kama wengine.

Kipimo cha kutegemea ni elektroforesisi ya himoglobini au HPLC, vinavyotenganisha aina za himoglobini, na majibu yaje na asilimia, siyo herufi tupu. Kwa mbebaji, A huwa nyingi kuliko S, na S mara nyingi huwa kati ya 35 na 40. Ukiona A ipo lakini S imeizidi, na mtu hajaongezewa damu, usiandike AS. Fikiria aliyerithi S upande mmoja na thalasemia ya beta, hitilafu inayopunguza himoglobini A, upande wa pili. Huyo anaugua.

Mitego miwili ya muda. Mtoto mchanga damu yake imejaa himoglobini F, ile ya tumboni mwa mama, kwa hiyo kipimo cha haraka chini ya miezi 6 kinaweza kusema hana wakati anayo. Na aliyeongezewa damu anapimwa pamoja na damu ya mchangiaji. Subirini miezi 3 ndipo mpime, au kama haraka ipo, pimeni wazazi, au mpelekeni kwenye kipimo cha DNA.

---

#3 Tawi

Shukrani. Hizo ni zile za nakala mbili. Vipi ugonjwa ambao baba anaumwa, wanawe wa kiume wote wazima, halafu unaibukia kwa mjukuu aliyezaliwa na binti yake?

---

#4 Kinasaba

Hiyo ni kromosomu X, mkuu. Mfano ni himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Himofilia A iko kwenye jeni F8, himofilia B kwenye F9, na zote mbili zimekaa kwenye X. Mwanamume ana X moja tu, hana ya akiba. Baba mgonjwa humpa mwanawe wa kiume Y, kwa hiyo mwana hapati ugonjwa kwa baba. Binti zake wote hupata X ile, wote wabebaji. Mama mbebaji naye: kila mtoto wa kiume ana asilimia 50 ya kuugua, kila wa kike asilimia 50 ya kuwa mbebaji.

Mambo mawili husahaulika. Mbebaji wa himofilia si lazima awe mzima kabisa. Wapo ambao protini yao ya kugandisha damu iko chini kiasi cha kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua au upasuaji, kwa hiyo kiwango kipimwe mapema, kisidhaniwe. Pili, takribani theluthi moja ya wagonjwa wa himofilia hawana historia yoyote kwenye ukoo. Badiliko limeanzia kwao au kwa mama. "Kwetu hakuna" siyo ushahidi kwamba ugonjwa si wa jeni.

Kuna kundi la tatu, ambapo nakala moja mbovu inatosha. Mfano ni ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo. Ndani ya jeni HTT herufi CAG hujirudia. Zikifika marudio 40 na kuendelea ugonjwa utakuja. 36 hadi 39 huenda uje, huenda usije. Kila mtoto ana asilimia 50. Nimeutaja kwa sababu unagusa tiba moja kwa moja: hapa hata ukiongeza nakala nzima hujasaidia kitu, kwa kuwa tatizo siyo protini kukosekana. Protini mbovu ipo na inadhuru. Inabidi inyamazishwe.

Magonjwa ya DNA ya mitokondria hutoka kwa mama pekee. Hayo yanastahili uzi wake.

---

#5 Kifurushi

Niendelee hapo hapo. Kazi za tiba ya jeni ni tatu: kuongeza nakala nzima huku ile mbovu ikibaki ilipo, kuhariri maandishi yaliyomo, au kunyamazisha jeni inayodhuru. Na njia ni mbili. Ama seli zinatolewa, zinatengenezwa maabara na kurudishwa. Ama dawa inaingizwa mwilini iende yenyewe.

DNA tupu ukiidunga kwenye mshipa itasagwa kabla ya kufika popote. Inataka chombo.

AAV ni kirusi kidogo kisichojulikana kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Jeni zake zote hutolewa na yetu huwekwa. Shida yake ni ukubwa wa mzigo: herufi kama 4,700 tu, pamoja na swichi ya kuwashia jeni. F9 inaingia kwa raha, maana sehemu inayosomwa ni kama herufi 1,400. F8 ni kama 7,000, haiingii. Ilibidi ikatwe kipande cha kati kiitwacho B, ambacho kazi ya kugandisha haikihitaji, ikabaki kama 4,400. Distrofini, inayokosekana kwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, sehemu yake inayosomwa ni kama herufi 11,000. Hapo hukati kipande, unaibomoa na kuijenga upya ikiwa ndogo, na distrofini hiyo ndogo haiwezi kufanya kila kitu cha ile kubwa. Mtu akiuliza kwa nini himofilia B ilitangulia na Duchenne bado inasumbua, sehemu kubwa ya jibu ni hiyo hesabu.

AAV haijipachiki kwenye kromosomu ila kwa nadra. DNA yake hukaa pembeni ndani ya kiini, na seli ikigawanyika hainakiliwi. Kwa hiyo inafaa seli zisizogawanyika: neva, misuli, retina, na ini la mtu mzima. Ini la mtoto anayekua litaipunguza nguvu kadiri linavyoongezeka seli. Ndiyo sababu Hemgenix, ya himofilia B, iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2022 kwa watu wazima.

Kirusi cha lenti ni kinyume chake. Hujipachika ndani ya kromosomu, kwa hiyo kila seli mtoto inarithi. Hicho ndicho cha seli shina za damu, yaani zile za uboho zinazozaa seli zote za damu. Bei yake ni kwamba huchagui kinapojipachika.

Chombo cha tatu ni vitone vya mafuta vyenye RNA ndani. Vikidungwa mshipani hupendelea ini, kwa sababu hujivika protini za damu ambazo ini lina vipokezi vyake. Havina ganda la kirusi, hivyo vinaweza kurudiwa. AAV kwa kawaida hupewa mara moja: baada ya dozi ya kwanza mwili hutengeneza kingamwili nyingi kiasi kwamba dozi ya pili itazuiwa kabla haijafika.

---

#6 Wodi

Niweke hatua za selimundu zilivyo, maana watu husikia "sindano moja" wakadhani ni asubuhi unaingia, jioni unatoka. Nachukua Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, kwa wenye miaka 12 na zaidi wanaopata vipindi vya maumivu mara kwa mara.

Kwanza haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopandisha himoglobini F, husimamishwa wiki 8 kabla. Muda huo huo mgonjwa anaingia kwenye ubadilishaji damu, lengo S iwe chini ya asilimia 30 ya himoglobini yote, na himoglobini isivuke gramu 11 kwa desilita ili damu isiwe nzito.

Kisha seli shina zitolewe uboho na kuletwa kwenye damu. Kwa wagonjwa wa kawaida wa upandikizaji hutumika sindano ya kuzidisha seli nyeupe, lakini kwa selimundu ile ni hatari, imeshaleta vipindi vikali na vifo. Hutumika pleriksafori pekee, 0.24 mg kwa kila kilo, halafu saa 2 hadi 3 baadaye mgonjwa anaunganishwa na mashine inayochuja seli shina na kumrudishia damu iliyobaki. Siku moja haitoshi, na mara nyingi duru moja haitoshi. Kwenye utafiti wake ya kawaida ilikuwa duru 2, wengine walifika 6. Huko siyo kushindwa kwa mgonjwa. Uboho wa selimundu umechoka kwa kuvimba miaka yote, na seli shina zinatoka kwa shida.

Kabla ya yote hayo kuendelea, seli zisizohaririwa za angalau milioni 2 kwa kila kilo huwekwa akiba kwenye barafu. Ikitokea zilizohaririwa zisishike, hizo ndizo zitamwokoa. Akiba hii ikikosekana, safari isianze.

Kiwandani seli hupigwa mshtuko mfupi wa umeme unaofungua vitundu kwenye utando, na mkasi wa Cas9 unaingia pamoja na RNA ya kuongoza, ambayo herufi zake 20 hutambua mahali pa kukata. Haukati jeni ya selimundu. Unakata swichi ya jeni nyingine, BCL11A, ambayo kazi yake ni kuzima himoglobini F baada ya kuzaliwa. Tena unakata ile sehemu ya swichi inayofanya kazi kwenye seli nyekundu tu, kwa sababu BCL11A inahitajika kwingineko mwilini. Seli ikijiunga pale palipokatwa huacha kasoro ndogo, swichi haishiki tena, na F inarudi. F haijiungi na nyuzi za S. Kutengeneza na kupima ubora huchukua hadi miezi 6.

Ndipo mgonjwa analazwa. Busulfani ya mshipa, ile dawa ya kuua uboho, siku 4, kiwango chake katika damu kikipimwa na dozi ikirekebishwa, pamoja na dawa ya kuzuia degedege isiyokuwa fenitoini, kwa kuwa fenitoini huharakisha kuiondoa busulfani mwilini. Angalau saa 48 baada ya busulfani kuisha, na si zaidi ya siku 7, seli zinarudishwa. Chupa hutolewa kwenye mvuke wa naitrojeni, baridi ya chini ya −135 °C, inayeyushwa kwenye joto la 37 °C, na kila moja iwe imeingia mwilini ndani ya dakika 20. Kiwango cha chini ni seli milioni 3 kwa kilo. Jina halisi kwenye kitambulisho cha mgonjwa na kwenye chupa vilinganishwe na watu wawili *kabla* ya kuyeyusha. Ukigundua kosa baada ya kuyeyusha, huna pa kurudi.

Baada ya hapo ni kusubiri. Nyutrofili, seli nyeupe za kupambana na bakteria, hurudi takribani wiki ya nne, chembe sahani, zile za kugandisha damu, baadaye kidogo. Kipindi hicho homa yoyote ni dharura.

---

#7 Tawi

Seli ni zake mwenyewe, kinga haitazikataa. Kwa nini basi apewe busulfani? Mbona hiyo ndiyo inayoumiza kuliko yote?

---

#8 Wodi

Swali zuri. Busulfani hapa kazi yake siyo kunyamazisha kinga kama kwenye uboho wa mtu mwingine. Inafanya nafasi. Uboho una vikao vyake na vimejaa seli za zamani. Ukimwaga mpya bila kuondoa zilizokaa, mpya zitazunguka na kufa, utabaki na asilimia ndogo isiyobadili chochote.

Na ni kweli inaumiza. Vidonda vya mdomo vinavyomfanya ashindwe kumeza mate, nywele kutoka, ini kuziba mishipa yake midogo, na mkubwa kuliko yote kwa kijana: uzazi. Busulfani inaweza kuua mayai na mbegu moja kwa moja. Uhifadhi wa mbegu au mayai uongelewe kabla ya hatua ya kwanza, ukiwa na tarehe, siyo mstari mmoja kwenye fomu ya ridhaa. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu ndilo jambo ambalo likipita halirudi.

Kwa upande wa faida: kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha wakati wa kuidhinishwa Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kipindi kikali cha maumivu. Himoglobini F ilifika takribani asilimia 40. Lakini figo iliyokwisha kuharibika, kiharusi kilichokwisha kupita, nyonga iliyokwisha kufa, havirudi.

---

#9 Kifurushi

Kuhusu madhara, kuna matukio mawili ambayo kila anayeijua fani hii lazima ayataje.

Mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alikuwa na upungufu wa kimeng'enya cha OTC na alipewa dozi ya adenovirusi, chombo kinachoamsha kinga kwa ukali. Kinga yake iliwaka mwili mzima, viungo vikashindwa. Toka hapo dozi hupandishwa polepole zaidi na taarifa za madhara husimamiwa kwa ukali zaidi.

La pili ni Paris. Watoto waliozaliwa bila kinga, ugonjwa wa X-SCID, walitibiwa kuanzia 1999 na wakapata kinga. Mwaka 2002 ikaripotiwa leukemia kwa mmoja, na wengine wakafuata. Kirusi kilikuwa kimejipachika karibu na jeni LMO2, na swichi kali iliyokuwa ndani ya kirusi ikaiwasha. Jeni mpya ilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa ni jirani iliyoamshwa. Virusi vya lenti vya sasa vina swichi dhaifu zaidi na ncha zake huzimwa, lakini hatari haijawa sifuri. Lyfgenia, ya selimundu inayotumia lenti, imebeba onyo kali la saratani ya damu, na anayeipokea hupimwa damu angalau kila miezi 6 kwa miaka 15. Mkasi nao una hofu yake, kukata pasipokusudiwa.

Sasa zile za kudungwa moja kwa moja. Zolgensma, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2019, ni ya watoto chini ya miaka 2 wenye kudhoofika kwa misuli ya uti wa mgongo, ambao jeni yao SMN1 haifanyi kazi. Kabla ya dozi hupimwa kingamwili dhidi ya AAV9, aina ya AAV inayoibeba dawa hii. Zikizidi 1:50 mtoto hapewi. Kwa mchanga usikate tamaa: mara nyingi kingamwili hizo ni za mama, zinashuka, rudia kipimo. Lakini kila wiki inayopita neva zinakufa na hazirudi, ndiyo maana kupima watoto wanapozaliwa ni nusu ya tiba hii.

Siku moja kabla, prednisoloni 1 mg kwa kilo kwa siku inaanza, na inaendelea jumla ya siku 30. Dozi ni vipande 1.1 × 10¹⁴ vya vekta (kile chombo chenye jeni) kwa kila kilo, kwa drip ya dakika 60. Ini, chembe sahani na troponini (alama ya moyo kuumia) hufuatiliwa; ini na chembe sahani kila wiki mwezi wa kwanza. Kosa ninaloliogopa ni prednisoloni kukatwa ghafla siku ya 30 kwa sababu kalenda imesema. Punguza taratibu kwa siku 28, tena iwapo tu ini limetulia. Vimeng'enya vikiwa juu bado, endelea. Ini kushindwa na kuua kumeshatokea. Nyumbani, kirusi hutoka kwenye kinyesi, kwa hiyo mikono ioshwe na nepi zifungwe kwenye mfuko usiopitisha, mwezi mzima.

Linganisha na jicho. Luxturna, ya upofu wa kurithi (Desemba 2017, jeni RPE65), ni vipande 1.5 × 10¹¹ tu ndani ya mililita 0.3, chini ya retina, jicho la pili likifuata baada ya siku 6 au zaidi. Mwili mzima hauguswi sana kwa sababu dawa imebaki chumbani. Tahadhari yake ni ya aina nyingine: pakibaki kiputo cha hewa jichoni, mgonjwa asipande ndege mpaka kiyeyuke chote.

---

#10 Tawi

Na aliyetibiwa selimundu, watoto wake?

---

#11 Kinasaba

Anawarithisha S kama kawaida. Kilichohaririwa ni seli shina za damu. Mayai na mbegu havikuguswa. Kwa mwenye SS, kila mtoto wake atapokea S moja, bila kujali damu yake sasa inaonekana vipi. Mwenza wake apimwe kwa kipimo kile cha Hadubini. Mwenza akiwa AS, kila mimba ni asilimia 50 ya mgonjwa. Hapa pana hatari mpya: mtu hana maumivu tena, anadhani habari imekwisha, hawaambii wanawe.

Kuhariri kiinitete ni jambo jingine kabisa. Mwanasayansi He Jiankui alilifanya China, likajulikana Novemba 2018, na alihukumiwa kifungo. Pingamizi siyo la hisia tu. Kiinitete kinaweza kuhaririwa nusu nusu, baadhi ya seli ndiyo na baadhi hapana, na kosa lake linaendelea vizazi vyote. Wenza wabebaji wanaotaka mtoto asiyeugua wana njia isiyogusa jeni: mimba ya maabara na kupima viinitete kabla ya kupandikiza.

---

#12 Hadubini

Kuna linalokuja ambalo linastahili kufuatiliwa: kubadili herufi bila kukata nyuzi zote mbili za DNA. Mwaka 2025 mtoto mchanga mwenye upungufu wa CPS1, ambaye ini lake halikuweza kuondoa amonia, alitibiwa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia kwa dawa iliyotengenezwa kwa badiliko lake yeye, ndani ya miezi 6, kwa vitone vya mafuta. Alipewa dozi 3. Kwa AAV hilo lisingewezekana.

Kwa selimundu zana hii ina kikwazo cha kuvutia. Haiwezi kurudisha T kuwa A. Inaweza kuifanya C, ikatoka GCG, yaani alanini. Hiyo ni himoglobini ya Makassar, iliyokwisha kukutwa kwa watu, na haitengenezi mundu.

---

#13 Wodi

Kwa anayesubiri, ya leo yasiachwe. Mtoto wa SS: penisilini ya kunywa 125 mg mara 2 kwa siku hadi miaka 3, kisha 250 mg mara 2 hadi miaka 5, kwa sababu bandama imeacha kumlinda. Chanjo ya nimokoki. Homa ikifika 38.5 °C ni hospitali sasa hivi, siyo kesho asubuhi. Haidroksiyurea kwa mtoto huanza 20 mg kwa kilo kwa siku, kwa mtu mzima 15, hesabu ya damu kila wiki 4 dozi inapopandishwa, na isihukumiwe kuwa imeshindwa kabla ya miezi 6 kwenye dozi anayoistahimili. Wengi huiacha mwezi wa pili, wakati F bado inapanda.

Na yeyote anayeuza "tiba ya jeni" ya vidonge au ya maji ya chupa, bila kuuliza jina la badiliko lako, anauza kitu kingine.

---

#14 Tawi

Hilo jina la badiliko linasomwaje kwenye ripoti?

---

#15 Hadubini

Ripoti isomeke jeni kwanza, halafu badiliko, halafu kama liko nakala moja au mbili. "Himofilia B" au "Duchenne" peke yake haitoshi kukupangia tiba. Zipo dawa zinazofaa badiliko moja na zisifae la jirani yake kwenye jeni ileile. Selimundu utaikuta imeandikwa HBB c.20A>T: herufi ya 20 ya sehemu inayosomwa, A imekuwa T. Pembeni yake p.Glu7Val. Usishtuke kuona 7 wakati vitabu vya zamani vinasema 6. Uandishi wa sasa unahesabu na methionini ya mwanzo, ambayo protini huikata ikishatengenezwa. Ni herufi ileile.